Mwaka Baba Alipoanza Kutembea

Baba yangu hakuwa mtu wa kutembea. Alikuwa mtu wa kukaa, na mahali pake pa kukaa palikuwa nyuma ya kaunta ya duka letu, karibu na soko la Sumbawanga. Babu alitoka Ujiji na biashara ya vitambaa, akafika Ufipa, akapenda mahindi na ulezi wake, akaivumilia baridi yake, akaoa, akabaki. Baba alirithi duka, na nadhani alirithi pia ile tabia ya kubaki. Alikuwa na tumbo la mtu anayekaa na viatu ambavyo soli zake hazikuisha. Swala ndiyo iliyomtoa dukani, na msikiti wenyewe ulikuwa ng'ambo ya barabara.

Kisha ukaja mwaka ule wa maduka. Waliokuwapo wanaukumbuka. Tulisikia redioni kwamba biashara ya rejareja sasa ingekuwa ya vijiji na ya ushirika, na kwamba maduka ya watu binafsi yafungwe. Baba hakubishana na mtu. Aliuza vilivyobaki, akafuta rafu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akafunga milango, akaenda kukaa jikoni kwa mama.

Mama alikuwa Mfipa, binti wa wakulima, aliyesilimu alipoolewa. Jikoni kwake hapakuwa na nafasi ya mwanaume. Alimvumilia kwa muda, kisha akamwambia, "Baba watoto, hapo ulipokaa ndipo ninapopita."

Baba akainuka. Akavaa koti lake kubwa na kofia yake ya kiua, akachukua mwavuli maana mvua zilikuwa bado zinanyesha, akatoka. Aliporudi viatu vyake vilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo, na hakusema alikotoka.

Tangu siku ile hakukaa tena. Mwanzo alizunguka soko. Baadaye akawa anafika mpaka Milanzi, ambako mimi, binti yake, nilikuwa nafundisha shule ya msingi, na nikiwa katikati ya somo ningeona kofia yake inapita dirishani, inakwenda, halafu baadaye inapita tena, inarudi. Watoto wa darasa la tano waliacha hata kugeuka kumtazama. Mvua zilipopungua akaanza kwenda vilima vya Mbizi, juu ya mji, akitoka mara baada ya swala ya alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Hata nyumbani hakutulia. Alikula amesimama. Tukimlazimisha kukaa mezani, goti lake lilicheza chini ya meza mpaka chai ikawa inamwagika kwenye visahani.

"Ana nini?" nilimuuliza mama.

"Hana kitu," mama alisema. "Ndiyo shida yenyewe."

Siku moja akaja balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mwema, mkulima aliyekuwa na mashamba nje ya mji, mdogo kwa baba kwa umri, na ilionekana wazi kwamba ametumwa jambo asilolipenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ukae," baba alimwambia, na yeye mwenyewe amesimama mlangoni.

Balozi akakaa. Akauliza habari za nyumbani, za afya, za mvua. Mwisho akasema, "Watu wananiuliza, mzee, unakwenda wapi kila asubuhi."

"Natembea."

"Kutembea kwenda wapi?"

"Nakwenda, halafu narudi."

Balozi akakuna shingo. Siku zile mtu mzima asiye na kazi wala shamba alitafutiwa shamba, atake asitake, na kutembea bila sababu kulikuwa na jina baya. "Mimi mwenyewe nakuelewa," alisema. "Lakini wakiniuliza ofisini niseme nini? Siwezi kuwaambia unakwenda halafu unarudi."

Baba akatazama nje, kwenye vilima vya Mbizi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyozoea kuwaambia wateja kwamba sukari itakuja wiki ijayo, "Waambie nafanya mazoezi. Nakwenda kupanda Mlima Kilimanjaro."

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Nilitazama uso wake nione kama anatania, na nikaona kwamba na yeye ameshtuka kwa alichokisema.

Kufika jioni mji mzima ulikuwa unajua. Msikitini wazee walimpa mkono. Wanawake bombani walimuuliza mama kama ni kweli kwamba huko juu mate yanaganda kabla hayajafika chini. Baba angeweza kucheka na kusema alikuwa anatania, na siku mbili tatu watu wangesahau. Hakufanya hivyo. Nafikiri tangu duka lifungwe hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali ambalo yeye alikuwa na jibu lake. Sasa kila aliyekutana naye alimuuliza, "Mzee, mazoezi yanaendeleaje?" na baba alijibu, "Yanaendelea."

Alimwandikia binamu yake aliyeoa Moshi. Jibu likaja kwamba shemeji yake binamu anaongoza wageni mlimani, na kwamba kama baba hajapata wazimu kabisa, basi aje wakati wa kiangazi, baada ya mvua.

Mama alisoma ile barua, akaikunja, akaniita uani.

"Utakwenda naye likizo ikifika," alisema.

"Mimi?"

"Yeye hataacha. Nami siwezi kuacha kuku na bustani. Mfuate, asije akafia huko nikaletewa habari na watu wa basi."

Nilijifanya kulalamika, lakini usiku ule sikupata usingizi kwa furaha. Lazima niseme kwamba mimi mwenyewe sikuwa mtulivu. Kila mtu alinipongeza kwa bahati ya kumaliza ualimu na kupangiwa kazi nyumbani, nikila kwa mama na kulala kwenye kitanda changu cha utotoni. Wenzangu wa chuo walikuwa wametupwa Lindi, Mara, Tabora, na walikuwa wakiandika barua za kulalamika ambazo mimi nilizisoma kwa wivu. Darasani nilifundisha jiografia ya mahali ambapo sijafika. Nilipofundisha theluji niliwaambia watoto, "Ni kama sakitu. Ile sakitu mnayoiona kwenye majani asubuhi ya mwezi wa sita, lakini nyingi, na jua likitoka haiyeyuki."

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, umeiona?"

"Sijaiona."

Akaketi, wala hakukusudia ubaya. Lakini jambo lile lilinikera kwa wiki nzima.

Tukaanza kutembea pamoja, baba na mimi, kila Jumamosi na Jumapili. Mama alinipa suruali ya zamani ya baba, akaipunguza kiunoni, akaniambia niivae ndani ya gauni mpaka tutakapotoka mjini. Tulipanda Mbizi kwa njia za wakata kuni. Mwanzoni nilikuwa nyuma yake, nikihema, nikishangaa jinsi mwili ule mnene ulivyojifunza kwenda. Juu, upande wa pili wa vilima, ardhi inakatika. Uwanda wote wa Ufipa unaishia pale, na chini kabisa, kwenye joto na ukungu wa vumbi, unaona Ziwa Rukwa limelala jeupe.

Mara ya kwanza tulipofika pale baba alisogea mpaka ukingoni kabisa. Kwa miaka mingi alinunua samaki wakavu kutoka kwa watu wa Muze, kijiji cha huko chini, waliopanda ukingo ule na mizigo kichwani, na hakuwahi kuona wanapopita.

"Ni karibu hivi," alisema. Nikafikiri atasema jambo jingine, lakini akageuka, akaanza kushuka kuelekea Muze, haraka, kama mtu anayechelewa, nami nikamfuata. Tulirudi usiku unaingia, na mama hakutusemesha mpaka kesho yake.

Likizo ya katikati ya mwaka ilipofika tukapanda lori la mahindi mpaka Tunduma, basi mpaka Mbeya, na kutoka Mbeya treni mpya ambayo bado ilinuka rangi. Baba hakukaa kwenye treni. Alisimama kwenye korido, akashika chuma cha dirisha, akasoma kwa sauti majina ya stesheni. Dar es Salaam tuliiona kwa muda wa kubadili gari tu. Joto lake lilimfanya baba avue koti kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, na alilibeba mkononi kama mtoto aliyelala.

Moshi tulifika jioni, mawingu yamefunika kila kitu. Baba alishuka kwenye basi akatazama pande zote.

"Uko wapi?" alimuuliza binamu yake, hata kabla ya salamu kwisha.

"Upo," binamu alisema. "Umejifunika."

"Nimetoka Sumbawanga."

"Najua umetoka Sumbawanga. Utauona kesho. Mimi nimezeekea hapa na sijaupanda. Tunautazama asubuhi kabla haujajifunika, halafu tunakwenda kazini."

Alfajiri baba aliniamsha kwa kugonga dirisha. Nilitoka nimejifunga khanga mabegani, nikamkuta uani ametazama kaskazini. Nilitazama alikotazama, nikaona migomba, mapaa ya bati, na mawingu.

"Sioni."

"Inua macho zaidi."

Nikainua. Kulikuwa na mawingu, na juu ya mawingu, mahali ambapo mimi nilikuwa nadhani ni anga tupu, kulikuwa na mlima. Theluji yake ilikuwa inaanza kushika rangi ya jua. Nilirudi nyuma hatua moja, kama unapokosa ngazi gizani. Nikamtazama baba. Goti lake lilikuwa limetulia.

Yule shemeji wa binamu, aliyekuwa kiongozi wetu, alikuwa mtu wa Marangu, mwembamba, wa makamo, asiyependa maneno mengi. Alikuja na wapagazi wawili na mablanketi, na mabuti ya kuazima ambayo ilibidi mimi niyajaze magazeti kwenye ncha. Siku ya kwanza tulipita msituni, kwenye miti iliyoota ndevu za kijani, maji yakitudondokea shingoni ingawa mvua haikuwapo. Baba alitangulia. Kiongozi akamwita.

"Mzee, pole pole."

"Nimefanya mazoezi."

"Najua. Pole pole."

Baba akapunguza mwendo mpaka kwenye kona, na baada ya kona akaongeza tena. Ndivyo ilivyokuwa siku zote tulipokuwa tunapanda. Sehemu moja tulikutana na Wazungu wanashuka, wamebabuka pua. Walimwona baba na kofia yake na koti lake, wakadhani ni mtu mkubwa wa pale, wakamwomba wapige naye picha. Baba akasimama katikati yao, akaweka mkono kiunoni, kama mwenye mlima. Alifurahi kwa hilo mpaka tulipofika kibanda cha pili cha kulala wapandaji.

Baridi haikututisha. Kiongozi alitarajia tutalia kwa baridi, na alipoona tunakaa nje jioni tunakunywa chai akauliza kwetu ni wapi hasa. Baba akamweleza asubuhi za Ufipa, jinsi maji yanavyochoma mkono kwenye ndoo. Alieleza vizuri, kwa mapenzi. Nilikuwa sijamsikia kwa miezi akizungumza juu ya nyumbani kwa namna ile.

Baada ya kibanda cha pili miti iliisha, halafu vichaka vikaisha, tukaingia kwenye jangwa la mawe na vumbi la kijivu lililo kati ya vilele viwili. Hapo ndipo baba alipoanza kunyamaza. Mwendo wake ukawa wa kawaida, nami nikafikiri hatimaye amesikia neno la kiongozi. Kumbe kichwa kilikuwa kinamuuma tangu alfajiri na hakutaka kutuambia.

Tulipofika kibanda cha tatu, chini kabisa ya kilele, alitapika nyuma ya jiwe. Alikataa uji. Aliketi kwenye kitanda cha mbao akaniambia, bila kunitazama, "Mwambie mama yako alete mizani, kuna watu wanasubiri."

Nilimwita kiongozi. Akaja, akachuchumaa mbele ya baba, akamtazama macho.

"Mzee, simama. Nenda mpaka kwenye lile jiwe, urudi."

Baba akasimama. Alikwenda kama mlevi, yeye ambaye hajawahi kuonja pombe, akapita pembeni ya jiwe, akasimama, akalitafuta. Niliziba mdomo kwa mkono.

"Anashuka," kiongozi aliniambia. "Sasa hivi, jua lingali lipo. Mpagazi mmoja atampeleka mpaka kibanda cha pili. Akifika chini kichwa kitamwacha, nimeona wengi. Asiposhuka sijui nitakuambia nini."

"Nashuka naye."

Baba alisikia. Sijui maneno mangapi yalimfikia siku ile, lakini hayo yalimfikia. Akanishika kifundo cha mkono.

"Wewe hushuki."

"Baba, siwezi kukuacha ushuke peke yako."

"Si peke yangu. Huyu ananipeleka." Alifumba macho, akayafumbua. "Mama yako alikutuma unifuate. Mimi nakutuma uende."

Nilibishana. Nililia kidogo pia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Yeye alishatoka mlangoni, mpagazi amemshika kwapani, koti limefungwa vifungo visivyolingana. Niliwatazama wakipungua kwenye lile jangwa mpaka sikuweza kujua yupi ni mtu na lipi ni jiwe.

Usingizi haukuja. Nililala na mabuti miguuni, nikasikiliza upepo, nikageuka huku na huku mpaka blanketi likanizonga. Kiongozi aliponiita kungali giza nilikuwa nimeketi tayari. Tulipanda kwenye changarawe laini ya majivu, hatua unayopanda inateleza nyuma nusu yake. Kiongozi alikuwa mbele na taa ya chemli, mimi nikitazama visigino vyake tu. Sikuwaza theluji. Niliwaza kama baba amekunywa maji, na kama yule mpagazi anajua kwamba yeye husema hajambo hata anapoumwa. Mara mbili nilisimama nikamwambia kiongozi turudi, na mara mbili aliniuliza, "Unaumwa?" Nikasema siumwi. Akageuka, akaendelea, nami nikaendelea.

Kulipambazuka tukiwa kwenye miamba ya mwisho. Jua lilitoka nyuma ya Mawenzi, kile kilele cha pili kilicho kifupi, chini yetu, jambo ambalo sikujua linawezekana. Kisha hapakuwa na mwamba wa kushika tena. Tulikuwa tumefika ukingoni mwa shimo la volkano, na mbele yangu kulikuwa na theluji.

Haikuwa kama sakitu. Nilikuwa nimewadanganya watoto. Ilikuwa ngumu, ina ncha ndogondogo kama meno ya msasa, chafu pembeni, na kwenye nyufa ilikuwa ya buluu. Chini ya buti ililia kama sukari ya mawe. Nilivua soksi niliyovaa mkononi nikaishika. Iliunguza. Niliiweka mdomoni, nikasikia ladha ya vumbi na ya chuma. Upande mwingine, mbali, kuta za barafu zilikuwa zimesimama wima, hazikuegemea kitu.

Kiongozi alinyoosha mkono kufuata ule ukingo. "Uhuru, kilele chenyewe, ni kule. Njia si kali tena kama hii."

Nilipaona. Nguvu nilikuwa nazo. Mpaka leo miguu yangu inakumbuka kwamba ilikuwa nazo. Nilipiga hatua kadhaa kwenda kule, nikasimama, nikarudi, nikasimama tena. Kiongozi alikaa juu ya jiwe akanisubiri, kama mtu anayesubiri mbuzi aamue.

"Nataka kumwona baba," nilisema.

"Ni mwendo wa muda tu, dada. Umekwisha kupanda penye kazi."

"Najua. Nataka kumwona baba."

Akasimama, akafunga mkoba. Tulishuka ile changarawe kwa kukimbia, tukizama mpaka kwenye miundi. Kibanda cha tatu hatukukaa. Jangwa nililivuka nikitangulia, na safari hii kiongozi ndiye aliyekuwa nyuma akiniambia pole pole.

Baba alikuwa ameketi juani nje ya kibanda cha pili, anakula ugali na wapagazi. Vifungo vya koti vilikuwa vimekaa sawa. Uso wake ulikuwa uso wake. Nilipomwona nilikaa chini hapo hapo njiani. Yeye akainuka, akaja na sahani mkononi.

"Umefika?"

"Nimefika kwenye theluji."

"Juu kabisa?"

"Hapana. Nilifika ukingoni."

"Ulichoka?"

"Hapana."

"Uliumwa?"

"Hapana, baba."

"Sasa?"

"Nilikuwa nakuwaza wewe."

Aliweka sahani juu ya jiwe, akageuka, akaenda zake kwenye vichaka. Hakunisemesha tena siku ile. Na mimi, baada ya kukimbia mlima mzima kwa ajili yake, nilijiona nimetukanwa, nikamnyamazia pia. Tulishuka msitu hivyo, tukapita Moshi hivyo. Binamu alipouliza safari ilikuwaje, baba alisema, "Tumerudi salama." Kwenye treni alisimama tena kwenye korido, lakini hakusoma majina ya stesheni.

Lori letu kutoka Tunduma liliharibika njiani kabla ya Laela. Dereva na utingo wakaingia chini yake. Mimi nilikaa kwenye majani makavu kando ya barabara, na baba akawa anazunguka lile lori, duara baada ya duara, mpaka utingo akamwomba asimkanyage vidole. Hapo akaja akasimama mbele yangu.

"Unajua nilishukaje ule mlima?"

"Mpagazi alikushika."

"Alinishika kama gunia. Nilitaka kukaa chini kila mahali. Nilitaka nimwambie aniache. Kila nilipotaka kukaa nilijiambia, mwanangu yuko juu huko, kesho asubuhi atakuwa kileleni. Ndivyo nilivyoshuka. Halafu unakuja unaniambia kwamba na wewe muda wote ulikuwa unaniwaza mimi."

Nilichuma jani, nikalivunjavunja. "Na mimi ningepandaje, baba, sijui kama uko hai?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, maana alisimama bila kusogea.

"Hilo sikuliwaza," alisema. Kisha akakaa chini kwenye majani karibu nami, kwa shida, kwa mkono mmoja, kama wazee wanavyokaa, akanyoosha miguu. "Baridi yake ikoje?"

Nikamweleza. Alitaka kila kitu: rangi, sauti chini ya buti, ladha. Nilipofika kwenye ladha ya chuma akatikisa kichwa, kama mtu anayepokea habari ya bidhaa mpya ambayo hajui kama ataiagiza. Lori lilipowaka tulikuwa bado tunazungumza.

Mama alitupokea, akatazama nyuso zetu zilizobabuka na kuchunika, akasema, "Mmeungua na baridi?" Akatupikia ugali wa ulezi na kuku. Hakuuliza nani amefika wapi mpaka tuliposhiba.

Balozi alikuja kesho yake. "Mzee, ulifika?"

"Binti yangu amefika kwenye theluji," baba alisema. "Mimi nilifika karibu."

Balozi akanigeukia, akanipa mkono kwa mikono miwili, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Mjini wapo waliocheka. Wengine walitaka nieleze, na nilieleza mpaka nikachoka na sauti yangu. Shule ilipofunguliwa niliwaambia darasa la tano kwamba nilikosea kuhusu sakitu, nikawaeleza upya. Yule msichana akaandika. Nami nikasimama mbele ya ubao, chaki mkononi, nikagundua kwamba nimenyamaza na watoto wote wananitazama, na kwamba nilikuwa nikitazama nje ya dirisha.

Haikuchukua muda mrefu ruhusa ya maduka ikarudishwa, kimya kimya zaidi kuliko ilivyoondolewa. Baba alifungua milango, akafagia, akapanga sabuni na viberiti, na siku ya tatu akamwambia mama akae yeye. Mama alishangaa, lakini alikaa, na ilionekana kwamba alikuwa na kipaji cha duka zaidi ya mumewe. Baba akajipa kazi ya kufuata mchele na samaki Muze. Angeweza kusubiri viletwe juu kama zamani. Alisema wanaoleta hawajui kuchagua.

Mimi niliomba uhamisho. Ofisa elimu alinitazama juu ya miwani yake. Watu waliomba kuondoka Muze; joto, mbu, na barabara iliyokatika kila masika. Hakukumbuka mtu aliyeomba kwenda.

"Una matatizo nyumbani?" aliuliza.

"Sina, bwana."

"Unaolewa huko?"

"Hapana."

Alisubiri sababu, nami nikamsogezea kalamu. Mwisho akasaini.

Nilikaa Muze miaka kadhaa. Joto lake sikulizoea. Baba alikuwa akitokea bila taarifa, asubuhi, vumbi la ule ukingo limemfika kwenye nyusi, tumbo limekwisha. Alikunywa maji ya mtungi kwa kata, akaniambia habari za mama na za mji. Kuna siku moja naikumbuka zaidi, kiangazi, nilikuwa na darasa la mchana. Alikunywa maji yake akiwa amesimama mlangoni, akasema siku hiyo haishii sokoni, anataka afike mpaka ziwani penyewe, kwa wavuvi.

"Ni mbali, baba. Na jua hili."

"Si mbali."

Nilimtazama akirekebisha kofia. Nikaenda kwa mwalimu mwenzangu, nikamwomba anishikie darasa mpaka kengele ya mwisho. Alinitazama kidogo, akakubali. Nikachukua khanga ya kujifunika kichwa, tukatoka, na kwa kuwa sasa yeye alikuwa mzee na mimi sikuwa, ilinibidi mara kwa mara nisimame nimsubiri.